Vidole vya Mama Ziada na simu ya kwanza ya mwanawe

Saa moja asubuhi, Masasi. Katika ua uliojaa moshi wa korosho zinazokaangwa, wanawake sita wanagonga, kila mmoja na jiwe lake na kirungu chake cha mti. Wa saba, Stamili Bwanali (38), ambaye wenzake humwita Mama Ziada, hagongi. Amekaa pembeni na ungo mapajani, anamenya ganda jembamba la ndani la korosho walizobangua wenzake. Kila baada ya muda anainua vidole juani na kuvikagua.

“Mistari imerudi, Mama Ziada?” anamuuliza jirani yake, Getrude.

“Inarudi kwa madaha,” anajibu, na ua mzima unacheka.

Leo ni siku ya kumi na mbili tangu aache kubangua. Haumwi, wala hajagombana na mtu. Anasubiri ngozi ya vidole ikue ili amsajilie mwanawe laini ya simu.

Stamili ameifanya kazi hii miaka mitano. Mafuta ya ganda la korosho huunguza, na majivu anayojipaka mikononi husaidia kidogo tu. Ncha za vidole vyake zimekuwa nyeusi, na mistari aliyozaliwa nayo imefutika.

Mwanawe, Ziada (14), anasoma kidato cha kwanza na anaishi na bibi yake Kitangari, wilayani Newala. Nyumba hiyo haikuwa na simu. Mwaka jana Ziada alipougua malaria kali, habari zilimfikia mama yake siku ya tatu, tena kwa bahati, kupitia dereva wa bodaboda aliyekuja Masasi kwa shughuli zake.

“Nilimkuta zahanati na dripu, macho yamezama,” anasimulia. “Akaniambia, ‘Mama, nilikuita.’ Aliniita kwa mdomo tu, maskini, mimi nipo huku nagonga korosho. Nikasema lazima awe na simu.”

Aprili, Ziada alipokuja likizo, waliongozana dukani. Binti alitaka simu ya kupangusa kama za wenzake. Muuzaji, Lukmani, akaleta saa ya mkononi inayopiga simu na kuonyesha mtoto alipo.

“Shikamoo Mama Ziada. Hii ndiyo habari ya mjini,” alisema kijana huyo.

“Marahaba baba. Huyu anateka maji bondeni kabla ya shule. Saa ikitumbukia kisimani, si nitaambiwa mwanangu anaishi kisimani?”

Akaijaribu ile ya kupangusa. Kioo hakikushtuka. Akapangusa tena. “Mbovu hii,” akasema. Lukmani akapitisha kidole chake, ikafunguka palepale.

Alinunua kitochi cha vitufe kwa Sh28,000. Kina tochi ya kuteka maji alfajiri, na chaji yake hukaa siku nne, kwani kwa bibi hakuna umeme. Ziada alinuna hadi jioni.

Kumbe shida ilikuwa bado. Mtoto wa umri wake hasajili laini, mzazi ndiye huweka kidole. Laini yake mwenyewe Stamili aliisajili kabla hajaanza kubangua. Safari hii mashine ya wakala ilimkataa vidole vyote kumi.

“Kitambulisho changu, picha yangu, jina langu, halafu naambiwa si mimi,” anasema, na hapo hacheki tena.

Bibi hana kitambulisho. Kijana mmoja nje ya duka alijitolea kuweka kidole chake kwa malipo kidogo, Stamili akakataa. “Laini ya mwanangu iwe ya mtu nisiyemjua? Likitokea jambo nitaanzia wapi?”

Ziada akarudi Kitangari na simu ambayo kazi yake ilikuwa tochi tu. Wakala alimshauri mama apumzishe mikono wiki mbili. Ndipo akahamia kumenya, kazi inayomlipa Sh3,000 kwa siku badala ya Sh7,000 za kubangua.

Saa nne uvumilivu unamwishia. Ananawa, anajifunga kanga nyingine na kwenda kwa wakala, nami nyuma yake. Gumba la kulia, hapana. Kidole cha shahada, hapana. Anafuta mikono kwenye kanga kwa nguvu. Gumba la kushoto linakaa juu ya kioo muda mrefu, hata mimi naacha kuandika.

“Imekubali, mama,” anasema wakala.

Stamili anakaa kwenye ngazi ya duka na kulia waziwazi, bila kujali wapita njia. Kisha anaifunga laini kwenye karatasi na kuikimbiza kwa kondakta wa basi la Newala.

Siku iliyofuata, saa kumi jioni, yuko tena kwenye jiwe lake, kirungu mkononi, vidole vimeshaanza kuwa vyeusi. Simu inaita. Anakitupa kirungu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Unaumwa?”

“Siumwi. Nakuita tu.”

Stamili anafumba macho. Wenzake wameacha kugonga, wanasikiliza.

“Mama, likizo ya Juni nije nikusaidie kubangua?”

“Uje, mwanangu. Utapika, utalala, utatembea. Korosho hugusi.”

Anapokata simu namuuliza ana mpango gani na binti huyo. Anasema anataka asome amalize, kazi atakayofanya ataichagua mwenyewe. Halafu anavitazama vidole vyake.

“Siku akija kumsajilia mwanawe laini,” anasema, “mashine imtambue mara ya kwanza.”