Dereva wa Beryl Hartshorn

Beryl Hartshorn alikuwa mtu wa kulipa. Kodi, umeme, maziwa yanayoletwa mlangoni, vyote alilipa kabla hajaulizwa. Ndiyo maana majirani zake hapa Burnley, kaskazini mwa Uingereza, walishangaa kusikia kwamba kampuni ya maegesho imempeleka mahakamani. Gari lilikuwa lake kweli. Lakini aliyeliegesha ni Clifford, mumewe, na hilo Beryl hakutaka mtu alijue, hasa binti yao Lorraine.

Akili ya Clifford ilikuwa imeanza kumtoka. Daktari alishamkataza kuendesha, na Lorraine alisema waziwazi kwamba baba akishika usukani hata mara moja, basi, anahamia nyumba ya kulelea wazee, maana itakuwa dhahiri mama hamwezi tena. Beryl akakubali, akazificha funguo ndani ya kopo la unga. Siku aliyokwenda hospitali kutolewa mtoto wa jicho, Lorraine ndiye aliyempeleka na kumrudisha, na jirani wa upande wa kushoto aliahidi kumchungulia mzee. Alimchungulia mara moja, akarudi kwenye televisheni yake. Clifford akapata funguo, akaenda kumchukua mkewe kazini.

Beryl alikuwa keshastaafu zamani. Duka la mazulia alikokuwa akikaa kwenye kaunta ya malipo lilishafungwa, na mahali pake pakawa na duka la vyakula vya mbwa. Clifford alikaa garini kwenye maegesho ya duka hilo akimsubiri atoke, kama alivyozoea kumsubiri kila jioni walipokuwa vijana, mpaka alipochoka akarudi nyumbani. Kamera ilimpiga picha akiingia na akitoka. Beryl alipoletewa barua ya kampuni ya maegesho na kumuuliza, alimjibu kwa unyonge, "Hukutoka, kipenzi. Nikadhani umepanda basi."

Angelipa siku ile ile na mambo yakaishia hapo. Kosa lake ni kuomba ushauri. Watu wa huku wana mazoea yao: barua ya kampuni binafsi ya maegesho hutupwa jalalani bila kufunguliwa. Kila mmoja ana binamu aliyezitupa zote na hakufanywa kitu. Si faini ile, wanasema, hao si serikali. Wanawake wa chai ya kanisani walimwambia hivyo kwa sauti moja, naye Beryl, ambaye maisha yake yote hajawahi kutupa bili, akazitupa barua zile moja baada ya nyingine. Waliomshauri waliendelea kunywa chai yao. Yeye akaletewa madai ya mahakama.

Madai hayo Lorraine aliyakuta mezani, akawaka. Hakuitazama tarehe wala hakuuliza nani aliendesha. Alidhani ni mama yake. Alisema hawalipi hata senti, akamwita Nigel wa nyumba ya pili, ambaye tangu astaafu posta hana shughuli nyingine ila kugombana na kampuni za maegesho. Nigel alifurahi kama mtu aliyealikwa harusini.

"Usimtaje mtu," alimwambia Beryl. "Sema dereva. Dereva aliingia, dereva akaegesha. Barua yao ya kwanza ilichelewa kupita siku za kisheria, kwa hiyo mwenye gari hawamwezi. Wanamdai dereva tu, na dereva hawamjui."

"Na hakimu akiniuliza?"

"Kama hukuwa wewe, mwambie hapana. Umeshinda, twende zetu."

Nigel hakujua alichokuwa akimwomba. Beryl akishinda kwa kusema si yeye, Lorraine angejua nani aliendesha. Usiku kucha aliligeuza jambo hilo kichwani, asubuhi akavaa koti lake zuri akiomba Lorraine apate udhuru kazini. Hakupata. Alifika mahakamani, tena mapema.

Chumba kilikuwa kidogo, meza moja na viti vichache, na hakimu alikuwa mama mmoja mwenye mafua. Kampuni ilimtuma wakili kijana wa kukodiwa ambaye, kwa jinsi alivyokuwa akipekua karatasi, kesi aliisoma kwenye treni. Alipotaja tarehe, Beryl alisikia kiti cha Lorraine kikilia nyuma yake. Tarehe ile Lorraine aliikumbuka.

Hakimu akapenga kamasi, akasema ni kweli barua ilichelewa.

"Kwa hiyo, Bi. Hartshorn, ninalo swali moja tu. Wewe ndiye uliyekuwa unaendesha?"

Neno moja tu lilihitajika. Akilini mwake Beryl alimwona Clifford akiwa ameketi katika ukumbi wa nyumba ya wazee, kati ya watu wasiomjua, koti amelivaa, akimsubiri.

"Ni mimi," alisema.

"Samahani, Mheshimiwa," alisema Lorraine akisimama.

Hakimu akamtazama juu ya miwani. "Una la kusema?"

Beryl aligeuka akamkazia macho binti yake. Hayakuwa macho ya kumkaripia, yalikuwa ya kumwomba.

"Hapana," alisema Lorraine, akakaa.

Beryl akaamriwa alipe, pamoja na gharama. Kijana wa kampuni alimfungulia mlango kwa aibu, kwani hata yeye hakutegemea kushinda.

Garini Lorraine hakuwasha injini. Beryl alikaa akingoja kufokewa, majibu yote ameyapanga.

"Siku ile nilikuwa nawe, Mama. Nilikushika mkono kwenye ngazi, ulikuwa huoni."

"Najua."

"Umemdanganya hakimu."

"Najua, Lorraine."

Lorraine akamgeukia. "Usiku unalala?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wote humuuliza habari za Clifford, kama anakula, kama anatangatanga. Beryl alitaka kusema analala vizuri tu, maana watu wa huku hata paa likiwaangukia watakwambia hawajambo.

"Silali," alisema. "Naweka kiti mlangoni, nakikalia. Akitaka kutoka anipite mimi kwanza."

Lorraine akaanza kulia. Beryl hakulia, hakuwa na nguvu hizo. Muda mfupi uliopita, mbele ya hakimu, alikuwa amempigania mumewe abaki nyumbani na alikuwa amefaulu, kwani Lorraine hakuifichua siri.

"Hiyo nyumba uliyokuwa ukiisema," aliuliza, "ina bustani?"

"Inayo."

"Basi Jumamosi tukaione."

Lorraine alijifuta uso kwa kiganja, akawasha gari. Kabla hawajaumaliza mtaa wa mahakama, Beryl alikuwa amelala fofofo, kichwa kimeegemea kioo.