Mwokota Konokono wa Bwawa la Likombe

Kila asubuhi karani wa utafiti wa kichocho alichota konokono bwawani kwa upawa wenye mpini mrefu, asiloweshe hata kidole. Kila konokono alimtia katika gilasi yake, akazipanga gilasi juani na kukaa kuzitazama, mikono imetulia juu ya kaptura ya kaki. Somoe, aliyekuwa akifua, hakuacha kumtania. "Mwanangu wee, mboga hiyo utaila lini?" Siku moja akamwambia kwa fahari kwamba mwanawe Isihaka anakojoa damu, ameshakuwa mwanamume, baba yake amechinja jogoo. Karani aliisogeza gilasi moja juani zaidi.

Siku ya tisa, saa tano, karani akainua gilasi moja juu. "Mama! Njoo uone, wametoka!" Akampa kioo cha kukuzia. Ndani ya gilasi vijidudu vyenye mikia ya panda vilikuwa vikimtoka konokono, mamia kwa mamia. "Hawa humwingia mtu kwenye ngozi akioga. Damu ya Isihaka ni wao, mama, si ukubwa!"

Ng'ambo ya bwawa Isihaka alikuwa akipiga mbizi. "Toka majini! Toka!" Somoe alipiga kelele, akakimbia kuzunguka ukingo. Karani hakuzunguka, alikata maji moja kwa moja, yakamfika kifuani.