Mutoto wangu alinitoa mu ingobyi bila kuniuliza

Wakuu, habari zenu. Hapa munaitana wakuu, nami nitawaita hivyo hivyo, lakini bengi benu muko batoto kwangu.

Juzi kijana mumoja aliandika uzi hapa, eti anayeishi milimani ni muntu aliyeshindwa, maisha yako mjini tu. Nikausoma mpaka mwisho. Nikasoma na bale banaomushangilia. Damu ikanipanda.

Leo ninajibu. Nitasema yaliyonipata mimi mwenyewe, na nikiongeza hata neno moja, majirani bangu ba hapa Nkungu banasoma humu, bataniumbua.

Kwanza musidhani mji siujui. Nimekulia Bukavu. Nilisoma huko mpaka mwaka wa tatu tu, kisha nikauza mandazi ku soko. Tuliporudi Rwanda, bwana yangu akapata shamba huku Nkungu. Tukaja na mikeka na sufuria mbili. Hakuna aliyetujua.

Hata mwezi haujaisha, bwana akashikwa na tumbo. Mvua inanyesha, njia inateleza kama sabuni. Nikasimama ku mulango nikapiga yowe.

Bantu nisiojua hata majina yao bakatoka na ingobyi.

Kwa asiyeijua: ingobyi ni kitanda cha kusukwa, chenye miti ya kubebea mabegani. Bane banabeba, bane banafuata nyuma bapokezane, mpaka pale barabara inapofika. Kila nyumba iko mu kikundi cha ingobyi. Mwanaume anatoa bega. Mujane kama mimi anapika na kuchemsha maji, babebaji bakirudi bakute kitu. Ukijitoa, umejitoa. Siku yako utajibeba.

Sisi hatukuwa hata mu kikundi siku ile. Bakamubeba tu. Kujiandikisha kulikuja nyuma.

Bwana yangu bakamubeba mara tatu kwa jumla. Mara ya tatu bakamurudisha amefunikwa.

Mushike hapo, tuendelee.

Niko na mutoto wangu wa kwanza, anaitwa Fidele. Nilimusomesha na jembe hili. Leo iko na kazi nzuri mu Kigali, iko na gari, muke, na batoto babili ambao ni bazuri kuliko bajukuu benu bote. Hilo musibishane nami.

Mwaka jana goti langu likaanza kunisumbua. Fidele akaja, akasema: maman, hapa kilima kitakuua, twende kwangu, lopitali iko karibu, maji iko mu robine, unafungua tu, hutabeba kitu. Klodine, muke wake, naye akanibembeleza mu simu. Ni mwanamuke mwema, simusengenyi.

Nikafunga nyumba. Tukapita Nyungwe, nikatapika mara mbili, tukafika.

Ile nyumba, ee. Karo chini, yaani vigae, karo ku kuta, inang'aa mpaka unaona meno yako. Ukuta murefu unazunguka, juu wameweka vipande vya chupa. Nikauliza Fidele: ndani muko nini kinachotaka kutoroka? Akacheka. Mimi sikuwa ninacheka.

Wiki ya kwanza nikachukua kichane cha ndizi zangu nilizotoka nazo Nkungu, nikaenda kusalimia nyumba ya pili. Sentineli, mulinzi wa geti, akachungulia, akasema, "Maman, hatununui." Nikamwambia siuzi, ninasalimia. Akasema ngoja. Akafunga. Nikangoja mu jua mpaka goti likaanza kunena, kisha nikarudi na ndizi zangu.

Jioni Fidele akaniambia polepole, kama muntu anayefundisha mutoto, kwamba mjini habaendi kugonga kwa bantu. Kwanza unapiga simu.

Nikamuuliza namba ya yule jirani. Hakuwa nayo.

Tangu siku ile bakaanza kufunga mulango wa nje na ufunguo, banakwenda nao kazini. Eti nisije nikapotea. Mimi niliyetoka Bukavu na mutoto mugongoni na sufuria kichwani, nipotee mu njia iliyonyooka kama kamba. Mbuzi wangu huku nilikuwa ninamufunga kamba ndefu kuliko ile.

Basi siku moja, saa ine asubuhi, batoto bako ku masomo, musichana wa kazi amekwenda kwao ku matanga, nikaingia kuoga. Karo na maji na goti. Nikaanguka.

Sikuvunjika, namushukuru Mungu. Lakini goti likageuka, sikuweza kusimama. Simu iko saloni, inachajiwa. Nikajikokota mpaka chini ya kadirisha, nikapiga yowe. Yowe lile lile la Nkungu, lile lililotoa bantu mu mvua.

Nikasikia redio upande wa pili ikipunguzwa. Nikajua nimesikika. Yule sentineli akaja karibu na ukuta.

"Maman, ni nini?"

Nikamwambia nimeanguka, sisimami.

Akasema: "Patron hayuko, maman. Mimi sina ruhusa ya kutoka hapa. Na kwenu kumefungwa."

Akaniuliza namba ya Fidele. Siijui kwa kichwa, iko mu simu. Kilichobaki alifanya: alikaa upande wake wa ukuta, akawa ananiuliza kila mara, "Maman, uko?" Ninajibu, niko. Huyo simulaumu hata kidogo. Angeacha mulango wa patron, bosi wake, kesho angelala njaa. Mimi ninalaumu bale baliojenga maisha ambayo muntu anasikia yowe na kuomba ruhusa.

Wakuu, nililala ku zile karo mpaka Fidele alirudi magaribi. Nguo imenilowa, na si maji ya kuoga peke yake. Ninayaandika haya bila haya, musome vizuri.

Munajua mutoto wangu alisema nini? "Maman, sasa mbona hukupiga simu?"

Usiku ule mezani nikamwambia kesho anirudishe kwangu. Akakataa. Nikarudia. Hapo njo akatoa siri aliyokuwa ameificha miezi yote.

"Kule hauko tena mu ingobyi, maman. Nilimupigia Mzee Anasitazi, nikamwambia akutoe."

Mzee Anasitazi njo mukubwa wa kikundi chetu.

Nikafikiri sikusikia vizuri. Akaendelea kunieleza, alifikiri ananipunguzia mizigo, kwamba sisi sasa tuko na gari, tuko na asiransi, bima ya matibabu, mambo ya kubebana ku mabega ni ya zamani.

"Baba yako bamemubeba mara ngapi?" nikamuuliza.

Akasukuma sahani yake. Klodine akaondoka mezani.

Nikarudi na goti limefungwa bandeji. Na sasa musidhani nitasema huku ni paradizo. Huku njia ni matope. Maji iko chini ya muteremko. Huku unachemsha maharagi, mutaa mzima unajua kama uliweka mafuta. Nilipofika tu, banawake bakaanza: karibu Maman Kigali, umetuletea robine? Bamoja bakacheka mpaka bakashika mbavu. Niliwakasirikia nao. Bado ninawakasirikia.

Dimanche baada ya misa nikasimama mbele ya kikundi, nikaomba jina langu lirudi. Mzee Anasitazi ni muntu wa maneno machache. Akasema, "Hatukukutoa sisi. Aliyekutoa njo atakurudisha. Na atakurudisha na bega, si na simu."

Ilinichoma. Nimepikia babebaji ba kikundi kile miaka na miaka. Lakini ukweli ni ukweli, kama kila mutoto wa Kigali angepiga simu kumutoa mama yake, ingobyi ingebebwa na nani?

Nikamwambia Fidele. Akasema atatafuta muntu wa huko abebe kwa niaba yake. Nikamwambia amwambie Mzee mwenyewe. Akamwambia. Mzee akakata simu.

Zikapita wiki tatu niko nje ya kikundi, sitazisahau. Nilikuwa ninateremka ku maji na fimbo, hatua moja, nasimama, hatua moja, nasimama. Si goti peke yake. Ni kujua kwamba nikianguka hapa, kuna bantu batatazamana kwanza. Hofu ile ile ya karo ilinifuata mpaka mu matope yangu.

Kisha, siku ya posho, yaani Jumamosi, Fidele akaja. Akaacha gari chini ku barabara, akapanda na viatu vyake vya ofisi. Hata chai hakumaliza. Tukasikia yowe. Maman Divine, jirani wa juu, mimba yake ilikuwa imefika, na mutoto amekaa vibaya.

Nilimutazama tu. Akasimama, akatoka, akaingiza bega chini ya muti wa ingobyi.

Mimi nilifuata nyuma na fimbo yangu, sikutaka kusimuliwa. Pale penye kona kiatu kikateleza, akakaribia kuangusha mama wa bantu. Akavua viatu, akavitupa mu majani, akaendelea na miguu mitupu. Mbele kidogo akaanza kugeuka geuka, anatafuta wa kumupokea. Mzee Anasitazi alikuwa ku muti wa mbele. Hakugeuka.

"Bado, Papa Kigali. Baba yako alikuwa muzito kuliko huyu."

Fidele akashika muti kwa mikono miwili. Niliona shingo yake, mishipa imesimama. Hakutafuta tena wa kumupokea mpaka bakamupokea.

Kufika barabarani ambilansi bado iko njiani. Gari lililokuwa pale ni lake. Maman Divine akalazwa ku zile siti ambazo mimi nilikatazwa kulia karanga juu yazo, Fidele akaendesha mpaka kituo cha afya. Mama muzima, mutoto muzima, siti hazikupona.

Jina langu likarudi mu kikundi jioni ile ile. Maji ya babebaji nilichemsha mimi.

Asubuhi Fidele alikuwa hawezi kuinua mukono kuvaa shati. Bega limevimba kama andazi. Nikamukanda na maji moto, na nikiwa ninamukanda nikamuuliza: yule jirani wako wa Kigali, mwenye sentineli na redio, anaitwa nani?

Hakujua. Miaka saba banapakana ukuta.

Nikaacha kukanda. Nikamwambia hatakanyaga tena hapa mpaka ajue.

Wiki iliyopita akapiga simu. "Maman, anaitwa Gaspari. Nilikwenda kugonga. Ni mupole. Alijua kwamba ulianguka, sentineli alimwambia. Alisema aliogopa kuja kuuliza."

Nikamuuliza, na muke wake anaitwa nani?

Akasema hilo hakuuliza.

"Rudi ukaulize," nikamwambia, nikakata.

Basi wewe kijana uliyesema sisi ba milimani tumeshindwa, mimi niliyojifunza ni haya. Taa na lami sizikatai, goti langu lingependa lami sana. Lakini siku ukianguka saa ine asubuhi ukiwa peke yako, taa haitakuinua. Jiulize nani atasikia, na akisikia, ana njia ya kuingia?

Sasa komenti zenu ninazingoja, na matusi nitayajibu moja moja, kidole bado kizima.

Unayeishi mjini, anza hivi: andika hapa chini jina la jirani yako wa mukono wa kushoto. Jina lake, si "yule mwenye gari nyeupe". Na usiende kuuliza kwanza.