Maharage ya Mwisho wa Lami

Jina la kiwanja chetu cha ndege nitalimeza, maana bado nakula hapo. Wewe tosheka na hili: ukitoka Sumbawanga kwa njia ya Laela, kuna lami ndefu imenyooka katikati ya majani, ilijengwa kwa ajili ya mizigo ambayo haikuja. Zilikuja ndege za watu kumi na wawili, mara mbili kwa wiki. Siku zilizobaki lami ile ilikuwa mali ya Mama Raymond.

Jina lake la ubatizo ni Fortunata, na kazi yake ilikuwa kufyeka majani. Alikuwa na miaka hamsini na sita, mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Kila alfajiri alitembea lami yote, kwenda na kurudi, akiokota kokoto, misumari, mifuko, chochote kinachoweza kumezwa na injini. Akikuta mavi ya ng'ombe aliyabeba kwa koleo hadi kwenye kibanda chetu cha zimamoto, akayaweka mbele ya miguu yangu.

"Mboje, ndugu zako wamepita. Wamekuachia salamu."

Mimi ni Msukuma. Wazazi wangu walihamia Rukwa na ng'ombe wao nikiwa bado nabebwa mgongoni. Yeye ni Mfipa wa papo hapo. Tulitaniana mpaka wasiotujua wakadhani tuna kesi.

Nikisema papo hapo nina maana yake. Mwisho wa lami, upande wa mashariki, penye duara la kugeuzia ndege, ndipo lilipokuwa shamba la baba yake. Kiwanja kilipokuja familia ikahamia Katandala, mtaa wa mjini. Miguu ilihama, moyo ukabaki. Mwaka wa pili wa kazi yake Mama Raymond akaanza kulima ukingoni mwa lile duara, tena kwa Kifipa hasa: unakata udongo pamoja na majani yake, unageuza, majani yanafunikwa ndani, unainua tuta la mviringo ambalo wenyewe huliita ntumba. Majani yanaoza humo, maharage yanaota juu. Msimu ukipita matuta yanatawanywa, yanainuliwa mengine. Alifanya hivyo miaka saba. Ndege zetu ndogo ziligeuka katikati ya lami kama baiskeli, na hakuna hata moja iliyowahi kukanyaga ukingo.

Na maharage yale tuliyala. Nalisema mapema nisije nikajisahaulisha. Kila Ijumaa alibandika sufuria nyuma ya kibanda, na tulikula wote: mimi, Cornelius anayeongoza ndege kwa redio, na meneja wetu Shedrack, ambaye hakuwahi kutosheka na sahani moja.

Miaka miwili iliyopita tukaletewa barua kwamba wakaguzi wanakuja. Meneja akamwita Mama Raymond, akamwambia neno moja tu: "Sawazisha." Akasawazisha. Kwa siku tatu alishusha matuta kwa jembe, akapanda majani juu, akayamwagilia kwa ndoo. Wakaguzi walipofika walitazama, wakapendezwa, wakaandika ukingo ni imara. Walimpa hata cheti cha utunzaji bora. Alikitia fremu, akakitundika sebuleni Katandala, jirani na picha ya ndoa yake. Sufuria ya Ijumaa haikukoma, ila sasa maharage aliyanunua sokoni.

Sasa sikia yaliyotukuta.

Ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi wa tatu mwaka huu, saa nne asubuhi, mvua imetoka kukatika. Cornelius alitoka chumba cha redio mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Inakuja ndege ya mizigo! Injini nne, mbili zimekufa! Imebeba mitambo ya mgodi, inapeleka Zambia!"

"Inakuja wapi?" nikamuuliza.

"Hapa!"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani ni utani. Kisha nikaiona inatokea kwenye wingu. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikiwa hewani, na mpaka leo sielewi kinakaaje huko. Mabawa yake yalikuwa mapana mara mbili ya lami yetu. Ilipogusa chini ardhi ilitetemeka hadi mabirika ya chai yakaanguka kibandani. Injini za nje zilikuwa zinaning'inia juu ya majani, zikanyonya marundo yote aliyofyeka Mama Raymond wiki nzima, zikayatapika nyuma kama moshi. Bati za choo zikaruka. Nami nimeshika mpira wa maji wa gari letu moja la zimamoto, ambalo maji yake yote yasingeosha hata injini moja ya lile dude. Nilitamani kulia.

Lami ikaisha, nayo bado inakwenda. Ilifika kwenye duara, rubani akajaribu kugeuza, magurudumu ya kulia yakatoka nje ya lami kwa hatua chache. Hapo ukingo uliokaguliwa na kusifiwa ukafunguka. Ndege ikazama upande mmoja, taratibu, bawa likainama karibu kugusa majani.

Niligeuka nikamwona Mama Raymond. Amesimama na fagio lake, mkono mdomoni, uso umepauka kama majivu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, lakini yeye alijua pale ni wapi.

Tulishangaa siku ile mpaka mshangao ukatuchosha. Ngazi yetu ina vidaraja vitatu; mlango wa ndege ulikuwa juu kama ghorofa ya pili. Marubani walishuka kwa ngazi ya mafundi rangi, tuliyoikimbilia mtaa wa Majengo kwa pikipiki mbili, mmoja kashika mbele mwingine nyuma. Mizigo haikuweza kushushwa, kwa sababu hakuna mashine ya kuifikia kule juu. Na ndege haikuweza kuvutwa, kwa sababu chuma maalumu cha kuikokotea kilikuwa Dar es Salaam. Matairi yalikuwa kumi na nane. Niliyahesabu mara mbili. Manane yalikuwa ndani ya udongo.

Jumatano akaja mhandisi, Angela, binti wa Dar, mpole, mwenye buti za matope. Alikuja na mafundi wake, vyuma bapa vya kutandika na matrekta sita yaliyokodishwa Laela. Akatueleza mpango. Nyuma kulikuwa na mtaro na mkia ulishapita juu yake, kwa hiyo wangeivuta mbele, hatua tisa tu hadi kwenye lami. Walichoma ardhi ya mbele kwa nondo mahali patatu. Pote pagumu.

Mama Raymond alikuja nyuma ya kibanda nilipokuwa nakoroga uji. Siku tatu alikuwa hajaniletea mavi wala neno.

"Mboje, pale mbele ndipo matuta yalipokuwa makubwa. Wamechoma katikati ya matuta, penye njia ya kupita. Wakivuta, mguu wa ndege utavunjika."

"Nyamaza, Mama Raymond," nikamwambia. "Ukisema, umejifukuza kazi."

"Kuna watoto wa watu wanne chini ya bawa wanapanga vyuma."

"Pengine hakutatokea kitu."

Akanitazama. Nimezoea kutazamwa na mama yule kwa kejeli; siku ile hapakuwa na kejeli. Nami nakwambia ukweli: sikumzuia kwa kumwonea huruma. Niliogopa kwamba akifungua mdomo, maharage yatatutoka sote puani.

Matrekta yalishawashwa alipochukua jembe lake akaenda. Alipita mbele ya trekta la kwanza, dereva akapiga honi na matusi, hakugeuka. Angela akamkimbilia.

"Shikamoo, mama. Hapa ni hatari, tafadhali rudi."

"Marahaba, mwanangu. Hatari naijua, nimeilima mwenyewe."

Akainua jembe, akageuza, akasukuma mpini kwenye majani mazuri yaliyopata cheti. Mpini ukaingia. Ukaendelea kuingia mpaka ukabaki wa kushikwa kwa ngumi moja. Mafundi wanne wakatoka chini ya bawa bila kuambiwa, mmoja akakaa chini, akajishika kichwa.

"Yazimeni hayo," Angela akasema, akimaanisha matrekta.

Mchana wote Mama Raymond alitembea na ndoo ya chokaa, akichora duara juu ya kila tuta lililokufa. Hakupima kwa kitu. Alikumbuka tuta kwa tuta, na msimu wake. "Hili la mwaka wa mvua nyingi. Hapa palikuwa na kichuguu, jembe lilikataa, hapa ni jiwe. Hata mlete treni." Kichuguu kile kilikuwa nyuma kidogo, ubavuni mwa mtaro. Angela akageuza mpango wote. Wakajaza mtaro kwa kifusi, wakatandika vyuma juu ya kichuguu cha baba yake Fortunata, na Alhamisi saa kumi jioni lile dude likarudi nyuma, likapanda lami kama ng'ombe anayetoka mtoni. Watu walishangilia mpaka uzioni. Angela alimkumbatia na matope yake. Mimi nilipiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Juma lililofuata ikaja kreni kutoka Mbeya, mafundi wakabadilisha vilivyokufa kwenye injini. Hewa ya huku juu ni nyepesi, jua likiipasha ndiyo kabisa, mabawa hayapati cha kushika. Kwa hiyo mitambo ilishushwa iende Tunduma kwa malori, mafuta yakatiwa machache, na Ijumaa alfajiri, baridi bado kali, ndege ikaondoka tupu. Ilitumia lami yote. Alfajiri hiyo hiyo Mama Raymond alikuwa ameshaitembea na kuiokota, kokoto kwa kokoto.

Saa tatu tukaitwa ofisini kwa meneja. Walikuwepo wakubwa wawili kutoka makao makuu. Mama Raymond alisimama; sisi watatu tulikaa. Hawakupoteza muda naye, alikuwa amekwisha kukiri. Mmoja akafunga faili, kisha akauliza, akitutazama kwa zamu:

"Nani mwingine alijua?"

Meneja Shedrack alikuwa anatazama kalamu yake. Cornelius alitazama dirisha. Nilisubiri mmoja wao aseme, nami niseme baada yake. Nilishtuka kuona sekunde zinapita na mdomo wangu haufunguki, mdomo ambao haujawahi kunyamaza mbele ya mama yule.

"Nilijua peke yangu," akasema Mama Raymond. Akaninyooshea kidole. "Hawa wanajua nini kuhusu kilimo? Huyu mwenyewe ni mchunga ng'ombe."

Wakubwa wakacheka kidogo. Akatia saini barua yake, akavua koti la njano, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya meza. Nilimwona kupitia dirishani akikata lami kwenda barabarani na jembe begani. Katikati aliinama, akaokota kitu, akakitia mfukoni.

Ilikuwa Ijumaa. Nyuma ya kibanda sufuria ilikuwa motoni. Aliibandika kabla hajaitwa. Tuliiacha mpaka saa saba, kila mtu akijifanya ana kazi. Kisha Cornelius akaleta sahani, na meneja akaja na yake mwenyewe. Tulikula tumesimama, hatutazamani. Maharage yalikuwa yameiva vizuri. Mimi niliongeza.