Nyumba Niliyomnunulia Mama

Kabla ya yote nawaomba mnivumilie. Mwandiko wangu unalala upande mmoja kama mtu mgonjwa, na maneno mengine najua nimeyaandika vibaya. Shule niliacha darasa la nane, na mkono wangu umezoea kuchuna chai kuliko kushika kalamu. Kurasa hizi nimeziandika Jumapili nyingi, kidogo kidogo. Ukifika mahali huwezi kusoma, ruka, utanielewa mbele.

Nilizaliwa kwenye laini za kampuni ya chai, upande wa Kericho. Laini ni zile safu za nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja kwa kila familia, bomba moja la maji kwa safu nzima. Wazazi wangu walikuja hapo kutoka Kisii kutafuta kazi. Baba alikufa nikiwa darasa la tatu, na ndugu zake wakagawana kile kipande cha shamba alichokuwa ameachiwa. Mama alipoenda kuuliza, aliambiwa alime huko huko kwenye kampuni. Tangu siku hiyo hakurudi, na mimi sikuuliza tena kwetu ni wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini mama alipewa barua ya kustaafu. Magoti yake yalikuwa yamevimba na alikuwa hawezi tena kushuka mabondeni kwenye chai. Alipewa miezi sita, kisha chumba kirudi kwa kampuni. Mimi nilikuwa nimeandikwa kazi, lakini wasichana tulikuwa tunakaa watatu kwa chumba, na hatukuruhusiwa kuweka mzazi. Mama alinipa ile barua niisome mara mbili. Halafu akasema, "Basi tuko na miezi sita." Akaendelea kuchambua mboga.

Wakati huo ushirika wetu wa akiba ulikuwa umeanza mkopo wa nyumba. Watu wengi waliuogopa. Ilikuwa hivi: unatafuta nyumba yenye hati, ushirika unamlipa mwenye nyumba, na hati inawekwa rehani kwenye kabati yao mpaka umalize kulipa. Mama hangeweza kukopa kwa sababu alikuwa anastaafu. Kwa hiyo ilibidi nikope mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, na kama kulikuwa na kitu niliogopa kuliko nyoka wa kwenye chai, ni kusimama mbele ya dirisha la karani.

Karani alinipa karatasi ya mambo ya kuleta. Karatasi za mshahara, wadhamini wawili, ripoti ya mpimaji, na kibali cha bodi ya ardhi. Wadhamini ndio walinichosha. Nilitembea juma zima nikiwa na fomu ya wadhamini ndani ya kikapu, nashindwa kumwomba mtu yeyote. Mwisho mama mmoja tuliyekuwa tunachuna naye aliiona.

"Hii ni nini umeficha kama barua ya mchumba?"

Nikamwambia.

"Lete nitie sahihi," akasema, na akawaita wengine. "Mimi huyu nitamdhamini bila wasiwasi. Hata akitaka kutoroka na pesa, atashindwa kuuliza njia."

Walicheka mpaka nyapara akapiga kelele. Mdhamini wa pili alikuwa mzee mmoja wa kiwandani, tuliyekuwa tunaabudu naye.

Nyumba tuliipata kwa kusikia. Ilikuwa kwenye njia ya kwenda Roret, vyumba vitatu vya udongo na mabati, na jiko nje, na kipande cha shamba chenye mistari ya chai. Mwenyewe alikuwa anaiuza haraka. Mama alienda naye mara moja, lakini nyumba iko chini kwenye mteremko na magoti yalikataa, kwa hiyo aliiona akiwa barabarani. Alisema mabati yanang'aa. Jumapili iliyofuata alinituma mimi nikaikague. Aliniambia niangalie kama paa linavuja, maji yako mbali kiasi gani, na kama jiko lina moshi mwingi.

Nilimkuta mke wa mwenye nyumba peke yake. Alikuwa anapaka ukuta wa jiko udongo mweupe, mikono yake ikiwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Nilisimama kwenye lango muda mrefu mpaka akaniona.

"Karibu. Unatafuta nani?"

Nikasema nimetumwa na mama yangu kuangalia nyumba. Hakuelewa, au alitaka nirudie, nikarudia. Akaosha mikono polepole. Kisha akaniingiza jikoni, akanikalisha kwenye kigoda, akanimiminia maziwa ya mgando ya kibuyu, yale ambayo watu wa huko huyatia majivu. Aliningoja nimalize.

"Mzee ameuza, mimi sijauza," akasema. "Haya mawe ya msingi unaona, nilitoa mtoni na mgongo wangu, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa pili. Mwambie mama yako atafute mahali pengine. Mimi sina ubaya na nyinyi. Siku ya bodi wataniuliza, na mimi nitasema."

Nikasema ndiyo. Akaniongezea maziwa.

Nilipofika kwenye laini, mama alikuwa amenisubiri mlangoni, magoti yameloweshwa kwa maji ya chumvi.

"Haya, niambie."

"Ni nzuri," nikasema. "Paa halivuji. Maji yako karibu."

"Na mwenyewe mama wa nyumba, ni mtu mzuri?"

"Ni mtu mzuri. Amenipa maziwa."

Mengine sikusema. Nilijiambia kwamba ni kuona haya tu, kwamba nitatafuta wakati mzuri. Pia nilijiambia kwamba hakuna haja, kwa sababu yule mama atasema mwenyewe, na kazi ya kusema haitakuwa yangu.

Bodi ya ardhi ilikaa siku ya Alhamisi. Wakati huo zilikuwa zimebaki wiki tatu mama arudishe ufunguo. Yeye alikuwa bado anaenda kazini, akipanga chai mezani kwa sababu hangeweza kuchuna, na aliogopa kukosa hata siku moja mwishoni. Kwa hiyo nilienda na yule mzee wa kiwandani. Watu walikuwa wamejaa kwenye nyasi nje ya ofisi. Wengi walikuwa wamekuja na wake zao, maana huko mtu haruhusiwi kuuza shamba la familia peke yake. Lazima mke aje, asimame, aulizwe mbele ya wazee wa bodi kama amekubali. Akikataa, mambo yanaishia hapo.

Nilikuwa nimekaa tangu asubuhi nikimngoja yule mama aje akatae. Nilikuwa nimeshapanga vile nitamwambia mama nikirudi. Mwenye nyumba alipoitwa, aliinuka karibu na ua, na mwanamke aliyevaa kitambaa cha kijani akainuka naye. Sikuwa nimewahi kumwona. Alikuwa mrefu, na yule wa jikoni ni mfupi. Waliingia, na sisi tukaingia.

"Mama, wewe ni bibi ya huyu mzee?" mwenyekiti akauliza.

"Ndio."

"Unajua anauza hapo mnakaa?"

"Najua."

"Na mtalala wapi? Juu ya mti kama ndege?"

Watu wakacheka. Mwenye nyumba akasema, "Tuko na shamba ingine upande wa Soin."

"Nimeuliza mama."

"Soin," yule mwanamke akasema, akiangalia chini.

Wakamletea wino, akaweka kidole. Kisha mwenyekiti akanigeukia mimi.

"Mnunuzi ni huyu msichana? Wewe umefika huko ukaona nyumba?"

"Nimefika."

"Uko na neno lolote kabla tupitishe?"

Wote waliniangalia. Mwenye nyumba aliniangalia pia, na niliona kwamba hajui kuwa ninamjua mke wake. Hakuwa nyumbani Jumapili ile, na mke wake hakuwa amemwambia kwamba nilikuja. Katika chumba kile mtu pekee wa upande wetu aliyejua kwamba yule si mke wake ni mimi. Nilikuwa na neno, na lilikuwa fupi. Nilikaa kimya.

Yule mzee wa kiwandani akacheka kidogo. "Mzee, msimsumbue huyu. Ni mtu wa haya."

"Haya ni kitu kizuri kwa msichana," mwenyekiti akasema, na mhuri ukagongwa.

Kila mtu anayenijua atakuambia mimi ni mtu wa haya, na ni kweli. Lakini siku ile haya haikuwepo. Moyo wangu ulikuwa umetulia sana. Nilikuwa ninaona mama yangu akiwa amekaa kwenye kigoda ndani ya lile jiko lililopakwa udongo mweupe.

Ushirika ulimlipa mwenye nyumba, na akaahidi nyumba itakuwa tupu siku ya Jumamosi. Tulikodi pikapu. Vitu vyetu havikuijaza hata nusu. Naibu wa chifu alikuja kutukabidhi, na mama akashuka ule mteremko kwa mara ya kwanza, ameshika bega langu, akisimama kila hatua chache ili apumue.

Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Yule mama alikuwa anapika, watoto wamekaa wanangoja chakula. Mume hakuwepo.

Naibu wa chifu akamwonyesha karatasi. Hakujua kusoma, kwa hiyo akamsomea, akamwonyesha na alama ya kidole.

"Hiki si kidole yangu," akasema. "Mimi sijaitwa kwa bodi. Mzee aliniambia bodi ni mwezi ujao."

"Mama, hapa imeandikwa mke alikuwepo, akakubali."

"Basi ni mke mwingine. Mimi sikuwepo."

Majirani walikuwa wameanza kusimama kwenye ua. Naibu wa chifu alivua kofia, akaivaa tena. Mama yangu akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya upole, kama mtu anayetaka jambo liishe vizuri kwa wote.

"Si wewe ulikuwa pale? Huyu mama alikuwepo?"

Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo.

Yule mama hakulia wala hakunitukana. Aliniangalia tu, akasema, "Wewe nilikupa maziwa." Mama yangu hakuelewa, akafikiri anataka kuonyesha kwamba hana kinyongo, akamjibu, "Ndiyo, aliniambia, Mungu akubariki." Naibu wa chifu akasema sheria ni sheria, awe na malalamiko aende ofisini na mume wake.

Aliepua chungu, akawapa watoto wakala wakiwa wamesimama. Kisha akamwagia moto maji mpaka ukazima wote. Majirani walimsaidia kubeba. Alipokuwa anapita langoni mama yangu alimwambia, "Mboga ni zako, rudi uchume wakati wowote." Alipanda mteremko na mzigo wake. Nilisikia baadaye kwamba alienda kwa kaka yake upande wa Silibwet, na kwamba kaka alikuwa na watu wengi nyumbani, na hakukaa huko. Baada ya hapo sikusikia. Shamba la Soin hakuna mtu aliyewahi kuniambia ameliona.

Mama alikaa katika ile nyumba. Mimi niliendelea kulala kwenye laini siku za kazi, na kila mwezi mkopo ulikatwa kwenye mshahara wangu, kwa hiyo sikununua nguo wala sikufikiria kuolewa. Nilipokwenda mwisho wa juma nilikuta mama amelima zaidi, amefuga kuku, ameongeza mstari wa chai. Lakini wanawake mtoni walikuwa wananyamaza akifika. Walimsalimia, na wakaondoka na maji yao.

"Ni kwa sababu sisi tumetoka mbali," mama alikuwa ananiambia. "Watatuzoea. Sisi tuwe wazuri tu kwao."

Akawa mzuri kwao. Alipeleka mayai kwa mwenye mtoto mchanga, alikaa na wafiwa mpaka wakazika, na magoti yake yale. Miaka yote hii amekuwa akijiuliza ni neno gani amesema vibaya, ni kwa mlango gani alipita bila kubisha. Ananiuliza mimi. Namwambia watamzoea.

Mwaka huu nilimaliza mkopo. Karani alinitolea hati kutoka kabatini, jina langu limeandikwa kwa mashine. Nilimpelekea mama, akaishika na mikono miwili ingawa hajui kusoma, akaiweka chini ya Biblia. Sasa anataka watu wa kanisa waje waombe shukrani ndani ya nyumba. Amewaalika majirani wote, hata wale wa mtoni. Anataka mimi nisimame nitoe ushuhuda, niseme vile Mungu alitupa nyumba. Anasema ninaweza kuongea maneno machache tu, wote wanajua mimi si mtu wa kuongea. Siku imewekwa, imebaki chini ya mwezi.

Mama yangu anazeeka. Hana mahali pengine duniani isipokuwa pale. Nikimwambia, najua atachukua fimbo yake apande ule mteremko, amtafute yule mama mpaka ampate, na hatalala tena ndani ya nyumba ile. Nisipomwambia, atakufa akifikiri majirani walimchukia bure, au kwamba kosa lilikuwa lake.

Kwa hiyo wewe unayesoma, hasa kama wewe ni mama wa mtu, niandikie. Niambie kama mtoto wako angekuwa amekununulia nyumba namna hii, ungetaka kujua au hungetaka. Usiandike maneno ya kunifariji. Andika kubwa kubwa, kwa maana nasoma polepole, na andika mapema.