Panya Asiyepigwa Pasi

Wifi yangu hajawahi kushona mshono ukafumuka. Nasema hivi nikiwa nimekaa naye nyumba moja miaka saba, tangu nilipoolewa na mdogo wake. Nimeona sare za shule zikirudi kwa sababu mtoto amerefuka, nimeona zikirudi kwa sababu zimeungua, lakini iliyorudi kwa sababu ya mshono sijaiona. Kila mshono anaupitisha mara mbili. Akimaliza anaifua nguo, anaitia wanga, anaipiga pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Mtaani wanamwita Mama Pasi, naye anaitika.

Mimi alinifundisha kushona, au tuseme alijaribu. Mkono wangu hautulii. Mshono unaanza vizuri, ukifika katikati unakwenda unakokujua wenyewe. Wifi akiuona anachukua wembe, anaufumua wote bila neno, ananirudishia kitambaa. Mara nyingine nilitamani anitukane tu yaishe.

Mwanzoni mwa mwaka shule ikaamua kuchukua sare kiwandani. Hakuna aliyekuja kumwambia. Alijua siku alipoona watoto wanapita na sketi ambazo hakuzishona yeye, akasimama mlangoni kuwatazama mpaka wakaisha. Kisha akarudi kukaa mbele ya cherehani, bila kitambaa, mikono mapajani. Alikaa hivyo wiki nzima, na mimi kwa kweli niliogopa.

Ndipo akaja daktari wa mifugo, yule mama mwenye zahanati ya wanyama karibu na kituo cha mafuta. Pale mbele ana duka dogo la vitu vya paka na mbwa.

“Vitu vya kuchezea nilivyonavyo vinaniaibisha, dada,” alimwambia wifi. “Mipira ya plastiki, panya wa betri, fimbo zenye manyoya. Mtu ananunua leo, kesho anarudi kuniambia paka kakipa kitu mgongo, anachezea boksi lake. Nishonee panya wa kitambaa. Jumamosi nitakuja nimwangalie paka wako akicheza nao. Akiwapenda, kazi hiyo ni yako, kila mwezi.”

Paka wetu tunamwita Mkaguzi, kwa sababu hushinda juu ya meza ya kukatia akitazama kazi za watu, na yeye mwenyewe hana kazi.

Wifi akafufuka. Panya wa kwanza alikuwa na masikio yenye bitana, mkia wa kusukwa, na macho ya uzi mweusi yaliyokutazama kama yanakudai jibu. Alimshona mara mbili pande zote, akamfua, akamtia wanga, akamnyoosha.

“Wifi, nani amewahi kumpiga panya pasi?” nikamuuliza.

“Kwangu hakitoki kitu bila pasi,” akajibu, na kweli hakuwa anatania.

Akamweka mbele ya Mkaguzi. Mkaguzi akanusa, akapiga chafya, akaruka chini kwenda kukimbiza kifuniko cha chupa ya maji.

Mwanzo tulicheka. Wifi akasema ni rangi, akashona panya wa kijivu. Kisha akasema ni ukubwa, akashona mdogo. Wa nne akamtia kengele tumboni. Jumanne Mkaguzi alishinda ndani ya boksi la nyuzi, Jumatano akapambana na futi ya kupimia mpaka ikamfunga miguu, Alhamisi akaiba kibanio cha nguo na kukisukuma chini ya kabati kisha akalia tumtolee. Panya walilala mezani, wasafi, hawajaguswa hata na kucha moja. Wifi akawa anamfuata paka chumba kwa chumba, ameshika kiuno, anakuna kichwa.

“Hebu niambie wewe,” akanisimamisha na kile kifuniko kiganjani. “Hiki kina nini? Hakina masikio. Hakina mkia. Hakina hata sura.”

“Labda ile kelele yake sakafuni.”

“Panya wa nne ana kengele.”

“Basi sijui, wifi.”

Alikaa kitini, akashika tama. “Paka hajui sare wala kiwanda,” akasema. “Naye akikataa kitu changu, basi shule haikukosea. Mwenye kasoro ni mimi.”

Maneno hayo yaliniuma, maana si kweli. Ijumaa alipotoka kwenda kununua uzi, nikaamua nijaribu na mimi, labda nigundue kitu nimnong'oneze. Nikachukua mkono wa gauni langu la zamani, hata sikuufua. Ndani nikajaza vipande vya nyuzi nilivyofagia chini ya cherehani, pamoja na mfuko wa mkate uliokunjamana. Mshono ukaanza vizuri, ukafika katikati, ukafanya mambo yake. Mkia haujashika sawasawa nikasikia mlango. Nikakitupa kile kitu chini ya meza, nikajitia nafagia.

Jumamosi daktari alikuta panya sita kwenye sinia, wamepangwa kwa kimo kama watoto mstarini. Akawasifu, na walistahili sifa. Wifi akamweka Mkaguzi kando ya sinia, akarudi nyuma hatua mbili, vidole vyake vinacheza na pindo la kanga.

Mkaguzi akapita katikati ya panya kama anapita dukani hana haja ya kitu. Akaingia chini ya meza. Kukawa na vurugu huko, mfuko wa mkate unalia, kisha akatoka na kile kitu changu mdomoni. Akakibwaga, akakikumbatia kwa miguu ya mbele, akakipiga mateke kwa ya nyuma. Mkia ukang'oka. Nyuzi zikaanza kutoka tumboni, naye akazidi kuwa na wazimu.

Daktari alicheka mpaka akakaa. “Huyu nani kamshona?”

“Wifi,” nikasema haraka. Niliona nasaidia.

Wifi akainama, akamnyang'anya paka. Akakigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya mshono, taratibu, ulipokwenda na ulipopotea. Alichotakiwa ni kunyamaza tu. Nilimwona anajaribu, midomo ameibana, halafu ikamshinda.

“Huu si mkono wangu,” akasema. “Ni wa wifi yangu.”

“Wako ni wazuri, dada, sikudanganyi,” daktari akamwambia kwa upole. “Lakini wananuka sabuni, na hawauawi. Paka anataka kitu chenye harufu ya watu wake, kinacholia akikikamata na kinachokubali kushindwa.” Kisha akanigeukia mimi, akaniambia niwe na thelathini kama hicho mwezi ujao.

Alipoondoka nilikuwa na furaha na aibu kwa pamoja, sikujua ipi nianze nayo. Nilidhani wifi atanuna. Hakununa. Aliwatoa panya wake kwenye sinia mmoja mmoja, akawafunga kwenye kitambaa, akaja kusimama nyuma yangu pale cherehani.

“Nifundishe,” akasema.

“Nikufundishe nini, wifi?”

“Hivyo unavyofanya. Mimi mkono unakataa.”

Nikatazama sindano. Hata mimi sikujua ninafanyaje. Miaka saba nilikuwa nafuata mstari wake kwa macho yote mawili.

“Nilikuwa najaribu kushona kama wewe,” nikamwambia.

Hakucheka. Alivuta kiti chake kikagusana na changu, akaniomba nianze polepole ili aone.