Nimekuchukia

Ashukuriwe Mungu, aliyetupa ulimi na akatupa pia uwezo wa kuutuliza.

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nyumbani kwetu Rangwe, nikiwa kijana. Kaka yangu alikuwa kisiwani Remba akivua samaki. Mkewe Robi, Mkuria wa kutoka mpakani, aliishi nasi na mtoto wao Adhiambo. Robi hakujua Dholuo, lugha yetu, kwa hiyo yeye na mama yangu walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa namna yake.

Mtoto alitambaa hadi jikoni akanyoosha mkono kwenye sufuria ya nyoyo, mahindi na maharagwe, iliyokuwa ikitokota. Mama akamnyakua, akamgeukia Robi, akimwita binti wa Kikuria kwa Dholuo.

"Nyar Kuria, nimekuchukia."

Robi akamchukua mtoto, akatoka nje. Tulipofungua Sabato jioni, hakuna aliyeanzisha wimbo. Ndipo mtoto, ambaye hakuwa amewahi kutamka neno, akakitazama kigoda cha marehemu baba, kigoda ambacho hakuna aliyekikalia.

"Chukia," akasema polepole. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza jibu. Akacheka. "Chukia."



Asubuhi nilimkuta Robi akifunga nguo kwenye leso.

"Shemeji, naenda kwetu, na mtoto naenda naye. Hii nyumba inanichukia mpaka na wafu wake."

Nikamwita Mama, nikamuuliza alitaka kusema nini. Akaweka mkono tumboni.

"Iya owang'. Si ni hivyo? Tumbo yangu iliungua."

"Hiyo ni hasira, Mama. Wewe ulimwambia humtaki kabisa."

Mama akaketi chini.

"Hata si hasira. Niliogopa. Niliona huyu mtoto akiungua mbele yangu."

"Sasa si ungesema umeogopa?" Robi akasema. "Hata mimi niliogopa." Akaanza kufungua leso.

Mwanangu, ukisema umechukia, umeudhika tu, na kesho utacheka. Ukisema umemchukia mtu, umemtoa moyoni. Kabla hujatamka lolote la ukali, jiulize kama si hofu inayokusukuma. Ikiwa ni hofu, iite hofu.

Jioni ile Mama alisimama mbele ya kigoda kitupu akasema kwa Kiswahili, "Niliogopa tu." Tukangoja, hata sijui tulingoja nini. Mtoto hakulitamka tena lile neno.

Wewe usomaye, Mungu akulindie kinywa chako, na wanaokusikiliza, unaowaona na usiowaona, wasikie jema.